Kidole Kinachofungua Sauti ya Marcella

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Leo mimi ni mtu muhimu Mikinduri! Rekodi pekee ya marehemu Marcella akiimba iko kwenye kompyuta yangu. Mumewe, Mzee Ngari, ameomba isikizwe kwenye ibada ya kumbukumbu Jumamosi. Njura, mwalimu wa kwaya, akataka nakala. Wapi! Ili aonekane yeye? Nimeifunga kwa programu mpya. Haina neno la siri. Unaweka kidole kwenye kifaa, na ufunguo unatengenezwa kutoka kwa mistari ya kidole chenyewe. Njura atapiga magoti.

Jumanne, 6 Agosti
Hajapiga. Amesema tu, "Sawa, Bundi." Imeniuma.
Jioni mke wangu Kajuju ameniachia chapati nigeuze. Nikageuza kwa mkono, nikimuwaza Njura. Kidole kimeungua. Kile kile!

Alhamisi, 8 Agosti
Kompyuta imekataa. Nimepaka mafuta, nimeomba. Imekataa! Nimempigia Kivuti, fundi aliyeniuzia kifaa, nikamwambia anitumie huo ufunguo. Akacheka. Eti haujawekwa mahali popote. Huzaliwa upya kila kidole kikisomwa, kisha hupotea. Nikauliza, na ngozi ikibadilika? Akasema pole.
Mzee Ngari amenipitia. Ameuliza kama sauti inasikika vizuri, maana ameanza kuisahau. Nimesema vizuri sana.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimemwambia Njura ukweli, mlangoni mwa kanisa, kompyuta na kifaa kwapani. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliushika mkono wangu kama wa mtoto, akaloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu, akatoa ngozi iliyokufa polepole, akakilaza kwenye kifaa. Ikakataa. Akakigeuza kidogo. Ikakataa. Watu wameshakaa, mchungaji anatukodolea macho. Akakilaza tena. Ikafunguka!
Marcella akaimba. Mzee Ngari alifunga macho, akamjibu kwa Kimeru, chini chini. Njura alilia. Mimi pia, lakini kidogo.

Jumapili, 11 Agosti
Njura ameomba tena nakala, ampelekee Mzee. Ni mtu mzuri, hilo silikatai. Lakini leo nakala, kesho ataitwa mwenye rekodi! Nimemwambia Mzee anakaribishwa kwangu kusikiliza wakati wowote, na chai juu.
Nimeifunga upya, safari hii kwa uso wangu. Nani huungua uso na chapati? Kesho navuna asali. Kofia ya wavu sina, lakini nyuki wetu wananijua.