Alama Kumi kwa Farasi Aliyepotea

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kaniita ofisini kwake. Nilidhani nafukuzwa, nikaenda na mkoba wangu kabisa, nisije nikarudi kuuchukua mbele za watu. Kumbe ni kazi. Jumamosi linatoka gemu kubwa: msichana na farasi wake kipofu wanavuka milima kumtafuta kaka yake. Amesema nilicheze mpaka mwisho, niandike uhakiki, nitoe alama kati ya moja na kumi. Kisha akaongeza kwa upole kwamba wasomaji wanalalamika. Kila gemu natoa saba.

Nikamweleza kwamba saba ni alama ya mtu mwenye busara. Ukitoa tisa, unatukanwa na waliolichukia; ukitoa nne, unatukanwa na waliolipenda. Akasema safari hii nikubali kutukanwa.

Namshukuru sana. Angeweza kunipita akampa Desimali pekee. Huyo ni mwenzangu wa meza ya dirishani, atakayeandika maoni ya pili pembeni ya yangu. Hutoa alama kama 7.3 na 6.8, utadhani anapima homa.

Nina mpango. Nitatoa kumi! Mhakiki akitoa kumi, kampuni huchukua sentensi yake ikaichapa kwenye kasha la gemu, na jina lake chini. Sentensi nimeshaitunga ndani ya basi: "Mwisho wake utakutoa machozi." Limebaki gemu lenyewe tu.

Jumanne, 4 Machi

Gemu limefika. Daraja la kwanza kabisa, farasi kaanguka. Nikarudia. Kaanguka. Nikabonyeza kitufe cha kuruka, msichana akaruka, farasi akabaki. Nikabonyeza cha kumwita farasi, farasi akaja, msichana akaanguka. Mikono yangu haina kosa. Padi ya kuchezea ndiyo nzito.

Mama mkwe yupo kwetu tangu apasuliwe goti. Alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, kimya, kama mtu aliyekuja kuhani. Mwishowe akaniuliza yule mnyama amenikosea nini.

Hapo nikaona mwanga. Daktari amemkataza kutembea; kubonyeza hakumkataza. Nikampa padi kwa mikono miwili, kwa heshima zote za mkwe. Akauliza kitufe cha kushika hatamu ni kipi. Sikujua kama kipo. Akakipata, akamshika farasi, wakatembea polepole, wakavuka. Mimi siku nzima nilikuwa nakimbia.

Mungu ampe afya. Nilipooa sikujua napewa mchezaji pia.

Jumatano, 5 Machi

Mpango unakwenda vizuri. Mama anacheza, mimi naenda ofisini na maelezo yake. Mke wangu, ambaye ni mfamasia na haamini kitu kisicho na lebo, aliuliza kwa nini mama yake hajainuka kwenye kochi tangu asubuhi. Nikamwambia ni mazoezi ya vidole. Akasema goti haliko kidoleni.

Gemu linakuruhusu umpe farasi jina. Mama kamwita Mzee. Ndivyo alivyokuwa akimwita marehemu baba mkwe, miaka yote. Mke wangu alipoliona lile jina kwenye skrini aligeuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Nilimuuliza Mama maoni yake kwa ajili ya uhakiki. Alisema majani ya mlimani yamechorwa na mtu aliyewahi kulala juu ya majani, lakini mto unalia kama bomba bovu. Nimeandika: "Sauti za mto zinaburudisha." Huwezi kutoa kumi halafu useme bomba.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo moja linanisumbua. Desimali atatoa ngapi? Kuna tovuti inayokusanya alama za wahakiki wote na kutafuta wastani. Kampuni haimtaji wa wastani, humtaja wa juu na wa kwanza. Sharti niwe wote wawili.

Nikampelekea chai ili nichungulie skrini yake. Nilichungulia sana. Chai ikaingia kwenye kibodi. Nilisubiri matusi. Akaigeuza kibodi kichwa chini, akaipangusa kwa tai yake, akasema hata hivyo ilikuwa na herufi mbili mbovu. Mtu wa ajabu. Alama sikuiona.

Nimewasilisha uhakiki wangu leo hii, kumi kwa kumi, na ile sentensi nikaitanguliza kwa kampuni. Mama bado yuko njiani, anakaribia mto wa mwisho, lakini gemu linalokwenda vizuri hivyo litaharibikia wapi? Dada wa matangazo wa kampuni kanipigia simu. Sentensi yangu imewapendeza na inapelekwa kwa mchoraji wa mabango. Nashukuru. Nimenunua keki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi jioni, sebule kimya. Mama kakaa na padi mapajani, hachezi. Kwenye skrini kuna msichana na farasi, mwanzo kabisa wa njia, pale chini ya mlima. Farasi hana jina.

Nilidhani kaanza upya kwa raha zake. Mke wangu akanivuta pembeni akanieleza. Mama alivuka mto wa mwisho. Skrini ikawa nyeusi, na ilipowaka, safari yote ilikuwa imefutika. Milima, madaraja, Mzee, vyote.

"Nilimwambia tumefika," Mama alisema, bila kunitazama. "Nikageuka, hayupo. Hii ni mara ya pili."

Nilikaa sakafuni, karibu na stuli yake. Nilitaka kumwambia ni gemu tu, nikaona heri ninyamaze.

Simu ikalia. Desimali. Akauliza kama nimemaliza lile gemu. Nikasema karibu. Akasema karibu haimvushi mtu mto. Safari yake nayo ilifutika pale pale, na akaona kumi yangu ikisubiri kuchapishwa kesho asubuhi. Basi akamwambia mhariri kwamba mimi nimeomba uhakiki ushikiliwe, eti kwa sababu nimeshuku kasoro mwishoni na naihakikisha. Nina usiku mmoja wa kurekebisha.

Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Angenyamaza tu, kesho ningekuwa kichekesho cha nchi nzima, na meza yangu ingekuwa yake. Akasema meza yangu haina dirisha.

Mama alikuwa amesikia. Akataka nimsomee nilichoandika. Nikasoma, uso ukiniwaka. Mto unaoburudisha. Madaraja "niliyovuka". Nilipofika kwenye "Mwisho wake utakutoa machozi," aliinua kichwa.

"Hapo hukudanganya, mkwe wangu," akasema. "Hayo mengine futa."

Nikafuta. Akanieleza safari yake tangu daraja la kwanza, mimi nikaandika, mke wangu akisahihisha pale nilipojipachika mimi. Tulipofika kwenye alama tukakwama. Mhariri anataka namba, moja tu, juu ya ukurasa. Mama akauliza mtu anawekaje mlima na mto mwizi kwenye namba moja. Nikamwambia ndiyo kazi yetu. Akafikiri. Akasema mpaka mtoni ni kumi, mtoni ni sifuri, nigawanye. Wakimrudisha farasi, niongeze.

Tano. Sijawahi kutoa tano maishani mwangu. Nimeandika waziwazi kwamba aliyecheza ni mama mkwe wangu. Kisha nikautuma kwa mhariri kabla sijabadili nia.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimetukanwa na watu kutoka pande zote. Tano! Wenzangu wengine walitoa tisa na kumi. Mmoja kaniandikia kwamba mimi na mama mkwe wangu twende tukacheze karata. Mchana wanunuzi wa mwanzo wakafika mtoni. Matusi yakakatika kama mvua. Jioni yule wa karata kaomba radhi, kamwomba na Mama radhi, kamtaja kwanza.

Dada wa matangazo akapiga simu. Nikajifungia bafuni, mke wangu akapokea. Kumbe hakuwa na hasira. Mafundi wao walikuwa hawaijui kasoro ile, na uhakiki wetu umewaonyesha imetokea wapi hasa. Wanaomba kumbukumbu za mashine yetu ya gemu. Huenda safari haijafutika bali imejificha. Mama akasema wachukue mashine, wachukue na kochi, wamlete Mzee.

Jumatatu, 10 Machi

Wametuma marekebisho kwa mtandao. Tuliwasha mashine. Ukingo wa mto, msichana, na farasi. Juu ya kichwa chake: Mzee.

Mke wangu hakwenda duka la dawa leo. Desimali alikuja pia. Mama ndiye aliyemwalika, kupitia simu yangu, bila kuniuliza. Alileta matunda. Akapewa kipande kikubwa cha keki yangu. Kipande kikubwa kweli.

Mama alishika hatamu, akavuka polepole. Safari hii skrini haikuzima. Kaka alikuwa ng'ambo, kwenye kibanda, na farasi kipofu alimtambua kwa harufu kabla ya msichana kumwona. Mama akaweka padi chini, akamshika mke wangu mkono. Desimali alikuwa anapangusa miwani, na miwani haikuwa na vumbi.

Tumeongeza alama mpaka tisa. Moja Mama kaizuia kwa sababu ya bomba.

Nimekaa hapa naandika, moyo umejaa. Namshukuru Mama, mke wangu, mafundi nisiowajua. Hata Desimali, Mungu ampe meza mbili. Nimejifunza jambo kubwa: mhakiki huandika alichokiona, si alichokitamani. Nimelikariri.

Jumatano, 12 Machi

Uhakiki wetu ndio uliosomwa kuliko wote mwaka huu. Mhariri amefurahi, kanipa gemu la nyambizi, refu sana, na akaniambia nijipe muda. Mtu mwema. Nilimshukuru mara tatu.

Mama kakataa. Anasema yeye chini ya maji haendi. Ni haki yake. Bahati nzuri kuna kijana anayekuja kumnyoosha goti, na ameniambia anapenda sana nyambizi. Ataanza Jumamosi, akimaliza goti.

Kwa kuwa yeye ni mwaminifu na mikono yake ina nguvu, sikuona sababu ya kuchelewa. Nimepeleka tisa leo mchana, nikiwa wa kwanza. Gemu lenyewe bado liko ndani ya nailoni yake, hapa mezani, linang'aa. Nimeandika kwamba mwisho wake hauna kasoro hata moja. Namshukuru Mungu kwa uzoefu.