Lazima Umeitoa Wapi, Mama?

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daftari langu la vipimo, salamu sana. Nikiwa fundi cherehani niliyeishia darasa la nne, sijawahi kuandika kitu zaidi ya vipimo vya wateja na barua, kwa hiyo nakuandikia kama barua, utanivumilia. Baada ya salamu, mimi ni mzima, ila moyo unanienda mbio. Baba Watoto hajambo, sikio lake la kushoto tu ndilo limeziba. Wifi yangu wa chumba cha uani hajambo, na mdomo wake nao haujambo. Binti yake hajambo, yupo, haendi popote. Paka hajambo. Binti yangu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, hajambo mno, na hapo ndipo penye shida.

Jumapili anaondoka. Amepata kazi ya ualimu huko mbali, safari ya siku mbili kwa basi.

Nimeamua haendi. Kumkataza sitamkataza, maana nikimkataza ataondoka Jumamosi. Nitampa ukweli mtupu mpaka aone mwenyewe. Amesoma, ukweli anauheshimu.

Nimeanza kuorodhesha nyuma ya ukurasa wa vipimo vya mteja mmoja mwenye mabega mapana. Moja: nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Mbili: baba yake hasikii mlango ukigongwa. Tatu: sindano siku hizi naitunga uzi kwa kubahatisha. Hakuna uongo hapo hata chembe. Kwa hiyo lazima abaki.

Kesho namsomea. Usingizi utatoka wapi?

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimemsomea akiwa anapiga pasi. Alisikiliza kwa adabu zake zote. La kwanza akakubali. La pili akakubali. La tatu akanitungia uzi papo hapo, na sindano tano za akiba juu. Halafu akaniuliza kwa upole: "Yote kweli, mama. Lakini hiyo lazima umeitoa wapi?"

Nikamwambia imo humo humo. Akasema haimo. Eti chuoni wamefundishwa kuwa mambo yalivyo ni kitu kimoja, na yanavyopasa kuwa ni kitu kingine, na hata urundike ukweli mpaka darini, hauzai lazima. Nikamuuliza huyo aliyewafundisha ana mama? Akasema hajui. Nilijua tu.

Wifi alikuwa dirishani, kama kawaida. Akasema, wewe wifi na makaratasi yako, mtoto hazuiwi kwa orodha, anazuiwa kwa kuanguka. Binti yake ana miaka sita nyumbani, maana kila akifunga mzigo, mama mtu anazimia. Anajisifu!

Nimeikagua orodha upya. Kosa nimeliona. Ukweli ni mchache mno. Nitaongeza.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimefika ukweli wa ishirini na nane. Nikamwomba Baba Watoto akubali kwamba mgongo unamuuma. Akasema haumuumi. Nikamwomba aihamishe cherehani mpaka dirishani. Kisha airudishe. Sasa unamuuma. Wa ishirini na tisa, tena wa halali kabisa.

Kitinda kamkanda baba yake kwa maji ya moto, halafu akamfundisha binti ya wifi namna ya kumkanda kila asubuhi. Sasa nifanye nini? Kila ukweli ninaompa, anautibu. Mlango tayari kaufungia kengele ya baiskeli. Baba yake anaisikia vizuri, anaipiga mwenyewe akiingia na akitoka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekwenda zahanati kutafuta ugonjwa wenye muhuri. Kitinda akaning'ang'ania tufuatane. Muuguzi kanipima presha, kanisikiliza kifua, akatangaza kwamba nina moyo wa msichana. Mbele ya Kitinda! Akaandika, akagonga muhuri. Karatasi nimeificha kwenye kopo la vifungo.

Njiani Kitinda akanikumbusha bibi yake, mama yangu mzazi. Akasema bibi naye miguu ilikuwa mibovu, mume wake alikuwa hasikii, na mimi nilikuwa mtoto wake wa mwisho. Mbona niliolewa nikaenda zangu? Lazima haikutoka siku ile? Nikamwambia ile ilikuwa tofauti. Akauliza tofauti yake nini. Nikamwambia jua kali, tukaze mwendo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kaniomba nimshonee nguo ya kuanzia kazi. Nikachukua futi ya kupimia. Kiuno ishirini na nane, nyonga arobaini. Amekonda kidogo, nimeandika hilo pia, ukweli wa thelathini.

Akaniuliza kama vipimo vimeniambia nishone sketi au suruali. Swali gani hilo kwa fundi wa miaka thelathini? Nikamwambia vipimo havisemi, mteja ndiye husema anataka nini. Basi akageuka akanitazama.

"Mama, umenipima kila mahali wiki nzima. Sijasikia ukisema unataka nini."

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Namshukuru aliyezitengeneza. Ningezitoa ningelia pale pale. Nikasema kwa pembe ya mdomo kwamba kutaka kwa mtu si ukweli wa kuandikwa. Akasema ni ukweli kama mwingine, hata huo hautamfunga, ila angependa kuusikia. Nikamwambia asimame wima, ananiharibia urefu.

Sketi, alisema. Yenye mifuko.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mpango mpya. Sketi isipomtosha, atasubiri nyingine. Atakosa basi. Nikakusudia kukata kiuno ishirini na nne.

Mkono umekataa. Nimeweka mkasi chini mara tatu. Nguo ya mtu lazima imkae, basi. Na hiyo lazima sijaitoa kwenye orodha yoyote, imo tu. Nimeshona ishirini na nane, pindo pana akinenepa, na mfuko wa siri ndani.

Nina wasiwasi. Limebaki la wifi. Nimefanya mazoezi ya kuanguka juu ya furushi la vitambaa. Kasema nafumba macho mapema.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kituo cha basi. Nilipanga kuzimia dereva akiwasha injini. Furushi nililibeba mwenyewe, nikaliweka mahali pazuri pasipo na tope. Injini ikawaka. Nikavuta pumzi.

Wifi akawahi! Juu ya furushi langu! Anasema alitaka kunionyesha mfano tu. Abiria wote wakamkimbilia, mmoja akampepea kwa kofia. Nani angezimia wa pili? Ningeonekana mwigaji.

Kitinda akanikumbatia. Sketi imemkaa kama kazaliwa nayo. Akaniambia sikioni: "Sema, mama."

Nikamwambia dirisha alifunge, kuna vumbi.

Wifi kapewa kiti na maji baridi. Mimi nimerudi nyumbani kwa miguu, na moyo wangu wa msichana.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Kafika salama. Nimekaa chini kidogo.

Ujumbe umeingia kwenye simu ya baba yake. Anasema chumba ni kikubwa, kina vitanda viwili, kimoja hakina mtu. Anasema shule nzima haina fundi wa nguo, walimu wanatembea wamebanwa. Nimesoma mara nne. Hayo sijasema mimi, kasema yeye!

Moja: vitanda ni viwili. Mbili: yeye ni mmoja. Tatu: walimu wanabanwa. Nne: nina moyo wa msichana, muhuri ninao, nimeutoa kwenye kopo la vifungo. Kwa hiyo lazima niende. Hata mtoto wa chekechea anaona.

Baba Watoto kaniuliza lazima nimeitoa wapi. Naye kaanza! Nimempa cherehani aibebe mpaka mlangoni.

Nimemtumia Kitinda ukweli wote, nimeufikisha kumi na moja. Lile la kutaka nimeliacha, halina haja, ushahidi unatosha. Mwisho nimemwomba ajibu leo leo, asikawie, maana basi la Jumapili hujaa mapema na nimeshafungia futi ya kupimia ndani ya mzigo.