Paa la Saadia na Michi Mitano

Jumatatu, 3 Februari

Wote wanalisimulia vibaya! Wanjohi kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema ati ndoo nzima ya maji imemwagika kwenye sufuria ya biriani. Msikitini wanasema mtungi. Kuna mtu kapiga simu kutoka mji wa pili, Maplewood, kuuliza kama kweli mteja amezama. Mimi nilikuwepo. Yalikuwa matone matatu. Mawili yaliangukia sakafuni, la tatu likaanguka kwenye kipara changu, na hilo ndilo la maana.

Duka ni la binti yangu Saadia, hapa ughaibuni, Richfield. Biriani, mahamri, kahawa. Jengo kalinunua kwa jasho lake. Paa lake bapa kama meza, na juu yake theluji imelala nene kama godoro la bibi arusi.

Mchana kaja fundi wa paa, Bagalwa, Mkongo, mpole kama daktari mwenye habari mbaya. Kapanda, kashuka, kavua kofia. "Papa," akaniambia, "hii ilishakufa." Ati joto la duka linapanda, linayeyusha theluji kwa chini, na maji hayana pa kwenda kwa sababu paa halina mteremko. Dawa ni kung'oa lote, kulaza mbao za povu za kuzuia joto, kisha kutandika mpira mzito juu. Sasa hivi gundi haishiki kwa baridi, kwa hivyo aweke kiraka, kazi yenyewe Aprili. Bei? Dola elfu ishirini na nane!

Saadia kakaa kitako juu ya gunia la mchele. Akiba anayo, elfu ishirini na nne. Lakini hizo ni za Hija, yangu na ya mamake. Mkopo wa benki hataki, riba.

Nimefika nyumbani nikamkuta Khadijah, mke wangu, kafungua lile begi lake dogo la safari ya Hija, lililokaa nyuma ya mlango mwaka mzima. Anarudisha nguo kabatini, moja moja. Afadhali angenitukana.

Basi. Paa nitalitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 4 Februari

Nimefikiri. Maji hayana njia? Nitayapa njia. Nimepanda na sufuria ya maji moto na chumvi kilo mbili, nikamimina kwenye tundu la bomba la kutolea maji. Yakashuka vizuri sana! Yakafika katikati ya bomba, yakaganda. Yaliyobaki yakaganda chini ya viatu vyangu.

Ngazi nayo ikateleza ikaanguka. Nimesimama juu pale nusu saa. Watu wa kwenye basi wakanipungia mkono, nami nikawapungia, kama rais.

Wanjohi ndiye aliyesimamisha ngazi. Huyu bwana paa lake kalibadilisha kiangazi kilichopita, na tangu hapo kila mteja anayemnyoa lazima asikie habari zake. Akaniuliza, "Mzee Abdul, Mombasa theluji ilianguka mwaka gani?" Nikamjibu jina langu ni Abdulswamad, na kwamba mtu wa bara aliyezoea mabati hana la kunifundisha kuhusu paa bapa.

Nimelisema hilo kumkomoa tu. Lakini nilipofika chini likaanza kunikaa kichwani. Mji wa Kale kwetu nyumba zote zilikuwa na paa bapa!

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata! Paa la chokaa. Chokaa na mchanga, unamwaga, kisha mnalipigilia kwa magongo, safu kwa safu, mkiimba, mpaka liwe gumu kama jiwe. Mimi nikiwa na miaka kumi na saba nilipigilia paa la tajiri mmoja siku arubaini mfululizo. Viganja vilitoka damu. Fundi mkuu mwenyewe alisema, huyu kijana ana mkono. Masika ishirini yakapita, tone halikuingia!

Nimenunua mifuko tisa ya chokaa. Muuzaji kaniuliza nina shamba kubwa kiasi gani. Nikamwambia shamba langu liko hewani.

Wapigaji nimepata wanne msikitini, wote wazee wa pwani, wa tano mimi. Salmin ana vyuma kwenye goti lakini sauti yake bado nzuri. Magongo hatuna, tutatumia michi ya vinu. Wake zao hawajaambiwa. Saadia pia hajaambiwa. Nimemwambia tu Jumamosi apike kahawa nyingi.

Jumamosi, 8 Februari

Niandike sawasawa, maana Wanjohi keshaanza kusimulia.

Saa sita mchana. Duka limejaa. Juu, baridi ya kuvunja meno. Theluji tumekwisha kuiondoa, chokaa nimekoroga na maji moto, inatoa moshi kama futari. Tukajipanga. Salmin akaanzisha wimbo, sisi tukaitikia, michi ikashuka pamoja. Pu! Pu! Wallahi ilikuwa raha. Nimekuwa kijana. Watu wakasimamisha magari barabarani, wanapiga picha.

Chini, nasikia, vikombe vilianza kucheza. Kisha vumbi jeupe likateremka kwenye biriani. Mteja mmoja akasema leo nazi imezidi.

Ubeti wa tatu, Salmin akazama. Mguu mmoja tu, mpaka kwenye paja. Kule chini ukatokea darini na ndara na soksi mbili, ukaning'inia juu ya sinia la mahamri. Aibu iliyoje! Na bado Salmin anaimba, maana alidhani amepiga magoti.

Saadia akatoka nje, akatazama juu. Hakupaza sauti.

"Baba," akasema. "Shuka."

Salmin hana hata mkwaruzo. Mchi wake haujaonekana.

Jumapili, 9 Februari

Bagalwa kaja kutazama shimo. Kaingiza mkono, katoa kipande cha ubao, kakiminya kikavunjika kama keki. Mbao za chini zote zimeoza. Anasema dhoruba moja tu ya theluji, lote lingeshuka juu ya wateja wakiwa wanakula. Papa, akasema, umeokoa watu.

Nimemwomba alirudie mbele ya Saadia. Akalirudia, kisha akaongeza kwamba kwa sababu ya mbao, bei sasa ni elfu thelathini na moja. Hapo angeweza kunyamaza.

Duka limefungwa mpaka kiraka kikamilike. Ramadhani inabisha hodi. Saadia hanisemeshi. Akitaka chumvi, anamwambia mamake amwambie baba asogeze chumvi.

Jumatano, 12 Februari

Wanjohi kanikalisha kwenye kiti chake cha kunyolea, bure, na mimi nywele sina. Anasema kila mteja wake anataka habari za ule mguu, na kila mmoja ana habari yake. Huyu anasema miguu miwili. Yule anasema nilianguka mimi. Basi tufanye harambee. Ukumbi wa kanisa la mkewe, Wairimu, upo. Watu walipe, waje waisikie kwa mwenyewe.

Nimekataa. Heshima yangu haiuzwi mlangoni.

Kisha akasema Salmin amejitolea kuisimulia yeye. Nimekubali papo hapo.

Jumapili, 23 Februari

Jana ilikuwa jana! Ukumbi ulijaa. Wabara, wapwani, Wakongo, manesi waliotoka zamu na sare zao. Nikasimulia saa nzima. Zile siku arubaini za ujana wangu zilipigiwa makofi. Khadijah, mstari wa mbele, alinitazama tu, akajifunika mdomo kwa mtandio. Salmin akaonyesha mguu. Wanjohi akanadi ile ndara mara tatu, na mara zote akainunua mwenyewe.

Tumepata elfu kumi na mbili. Elfu saba Bagalwa atalipwa kidogo kidogo, bila riba. Zilizopungua ni kumi na mbili, na hizo zinatoka kwenye akiba. Maana yake Hija ya mtu mmoja imebaki.

Nikasimama kabla moyo haujageuka. Nikasema Khadijah aende, aniombee, mimi nabaki kulinda paa. Saadia akaja akanimiminia kahawa mwenyewe, bila kumtuma mamake.

Asubuhi hii begi limerudi nyuma ya mlango. Limejaa.

Sasa. Nimeangalia stoo, imebaki mifuko minne ya chokaa. Kutupa ni israfu. Na ile ngazi ya saruji ya nyuma ya duka ina ufa, nimeuona kwa macho yangu. Jumanne Saadia anampeleka mamake kuchanjwa kwa ajili ya Hija. Saa tatu zinatosha, na Salmin yuko tayari.

Lakini humu daftarini naweza kusema. Lile paa la tajiri sikulipigilia. Fundi mkuu alikuwa baba yake Khadijah, na mimi nilikuwa nikiwachemshia chai, kwa sababu binti yake ndiye aliyekuwa akileta maziwa. Lakini siku arubaini nilitazama. Na anayetazama vizuri hana haja ya kufundishwa.