Hamira ya Perege Wangu

Alhamisi, 4 Mei 2000. Mutsamudu.

Naandika Kiswahili nilichokichuma Unguja ujanani, ili mke wangu Moina asisome. Perege wangu wanaumwa. Mia na ishirini, kwenye tangi la saruji uani. Kisiwa kizima hakuna mwenye wengi hivyo. Wana madoa meupe, wanahema juujuu kama wazee wanaopanda ngazi za mji. Na baada ya wiki mbili mjukuu wangu Mounia anaolewa. Nimekwisha kusema msikitini, mbele ya wakubwa wote, kwamba karamu ni samaki wangu. Tangu kisiwa kijitenge na kuwekewa vikwazo, meli haziji, mabawa ya kuku ya barafu hayapo. Jirani yangu Toihir, kuli mstaafu wa bandarini, kasema nikishindwa atatoa mbuzi wake. Mbuzi mwenyewe ana kikohozi.

Ijumaa, 5 Mei.

Barua imefika kwa mashua ya magendo, imelowa pembeni. Ya mpwa wangu Kaambi, anakaa Magoudjou kule Moroni, kasomea samaki Ulaya. Wakubwa wa kisiwa chake na wa chetu wamegombana, mpwa hajagombana na mjomba wake. Kurasa mbili. Wa kwanza sikuusoma. Barua ya mtu mwenye adabu, ukurasa wa kwanza ni salamu: bibi hajambo, shangazi hajambo, mguu wa mjomba vipi. Macho yangu si ya kuchezea. Nikaanzia wa pili. Kasema hamira kwenye chakula huupa mwili wa samaki nguvu ya kupigana na maradhi. Basi. Nimeelewa.

Jumamosi, 6 Mei.

Mjini hamira hakuna. Ila Moina alificha makopo mawili, ya mikate ya futra ya harusi. Alidhani chini ya mchele sitafika. Nikakoroga na sukari na maji vuguvugu, kama afanyavyo yeye. Ikaumuka vizuri. Nikamimina yote tangini. Kidogo kidogo ni kwa waoga.

Jumapili, 7 Mei.

Tangi lina povu. Harufu ya unga uliochacha. Perege wote juu, midomo wazi. Nikamwambia Toihir wanashukuru. Kasema, mzee mwenzangu, hao wanatoa shahada. Kufika adhuhuri wamekufa tisa. Moina kauliza hamira iko wapi. Nikamjibu vikwazo vimekuwa vikali.

Jumatatu, 8 Mei.

Wamekufa thelathini wengine. Toihir kaomba barua. Kausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, hapo uani, mbele ya Moina na majirani. Kaambi hakumsalimu hata mtu mmoja! Kaanza tu: mjomba, kwanza badilisha maji, yamechafuka. Punguza samaki, wamebanana. Hamira ya mkate uichemshe ife, kisha kijiko kimoja kwa kilo ya chakula. Tena haimponyi mgonjwa, humkinga mzima. Ulaya imemharibu huyu mtoto.

Moina kaniangalia, kisha kanipa ndoo. Toihir naye kachukua ndoo, bila kuombwa, ili apate kusimulia. Tumechota maji ya mto mpaka alasiri, nusu ya samaki tukawahamishia kwenye birika lake la kukingia maji ya mvua. Mgongo wangu umetangaza kujitenga.

Alhamisi, 18 Mei.

Harusi. Perege themanini, wazima, wanene, wamekaangwa. Wakwe wamekula mpaka wakalegeza mikanda. Mikate ya futra haikuumuka, ilikuwa bapa kama soli ya kiatu, lakini nani anatazama mkate palipo samaki? Mjukuu wangu Mounia kanibusu mkono, kasema, bakoko, umenitoa aibu. Nikasimama nikawaeleza wakubwa siri ya hamira. Ya maji sikuitaja, maji kila mtu anayajua. Toihir kakohoa sana. Nadhani kaambukizwa na mbuzi wake.

Jumapili, 21 Mei.

Nilikuwa nimemwandikia Kaambi kumkanya: barua huanza na salamu. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kusahau wema, nikamwuliza pia dawa ya mbuzi wa Toihir. Leo jibu limefika. Kurasa tatu. Kumbe kijana anasikia, safari hii kasalimia ukoo mzima.

Nimeanzia ukurasa wa pili. Unataja kitunguu saumu. Moina ana shada zima, najua lilipo.