Sauti ya Mama Makini

Jumatatu, 3 Juni

Mama Pacha kanishinda tena. Huyu jirani wangu wa mlango wa pili, mama wa mapacha wasiojua kunyamaza, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la akina mama. Mada: sufuria iliyoungua. Loweka, chemsha na siki, sugua. Basi! Vimoyo vikamiminika. Mwenyekiti wa kundi, mke wa mwenye duka la dawa, akaandika kwamba sufuria yake imezaliwa upya.

Mimi, Mama Makini (jina nililojipa mwenyewe, maana wenzangu walikuwa wanachelewa), nilituma jana somo zima la kukunja shuka lenye mpira pembeni. Nimepata dole gumba moja. Na dole lenyewe ni la yule mama anayeweka dole kila mahali, hata kwenye matangazo ya misiba.

Sufuria! Nahitaji mada nzito.

Jioni binti yangu aliniita kutoka bafuni. Yuko darasa la sita, mrefu kama mlingoti, na kwa kawaida hujibu kwa mabega tu. Leo aliita kwa sauti ya kitoto. Amevunja ungo. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, analia, akidhani amepasuka ndani. Niseme ukweli, nilifanya vizuri. Maji ya uvuguvugu, pedi, nguo safi, maelezo ya taratibu. Akanilalia begani. Nilikuwa nimesahau uzito wa kichwa chake. Akaniomba nisimwambie mtu, hata baba yake. Nikaapa. Na nilipokuwa naapa nilimaanisha.

Jumanne, 4 Juni

Mama Pacha katuma madoa ya mafuta kwenye zulia. Vimoyo tena. Nimevumilia mpaka vyombo vya chai vikaisha kuoshwa, kisha uvumilivu nao ukaisha.

Nimerekodi. Mada: Siku Binti Anapovunja Ungo, Mama Afanye Nini. Jina sikutaja. Nilisema "binti mmoja ninayemfahamu." Katikati niliteleza nikasema "mwanangu," lakini mara chache. Ushauri wenyewe wa maana kabisa: doa la damu lilowekwe kwenye maji baridi, ya moto yanaligandisha, pedi ya akiba ikae kwenye mkoba wa shule, usimtishe mtoto. Ili wenzangu wapate picha, nikaigiza kile kilio chake na lile swali lake, "Mama, ndiyo nakufa?" Nina kipaji cha kuigiza sauti. Naambiwa tangu utotoni.

Ushindi! Vimoyo, maua, mikono ya kupiga makofi. Mwenyekiti kaubandika ujumbe wangu juu kabisa ya kundi. Wengine wanaomba ruhusa wautume kwenye makundi mengine. Nikaruhusu wote. Mama Pacha kimya. Nimekwenda kununua vitunguu nikitembea kama mke wa waziri.

Jumatano, 5 Juni

Binti karudi kabla ya muda. Hakusalimia. Kapita, kajifungia.

Baadaye mwalimu wake akapiga simu. Darasani mwao kuna mtoto wa fundi seremala, na mama wa mtoto huyo yumo kwenye kundi. Kijana kachukua simu ya mama yake, kaenda nayo shule, na wakati wa mapumziko kaweka sauti juu. Mwalimu anasema watoto walirudia mara nyingi ile sehemu ya "Mama, ndiyo nakufa?" Anasema sasa hawamwiti binti yangu kwa jina lake, wanamwita "Nakufa." Kisha akauliza, kwa upole ambao sikuupenda, kama ile sauti ni yangu kweli.

Nimekasirika sana. Mtoto wa watu anapewaje simu? Nimetuma onyo kali kwenye kundi: Simu Mikononi mwa Watoto, Hatari Isiyoonekana. Limepokelewa vizuri mno. Mke wa seremala peke yake ndiye hajaweka kimoyo.

Ijumaa, 7 Juni

Binti haongei nami. Na wengine anaongea. Na mimi, hata neno. Akitaka kitu anamtuma mdogo wake, kitinda mimba wangu, ambaye anaiona kazi hiyo tamu sana. "Mama, dada anasema umpishe apite." Dada mwenyewe kasimama nyuma yake!

Mpango wa kwanza: keki. Tumbo likifurahi, mdomo hufunguka. Mayai manne, siagi, maganda ya limau. Iliumuka vizuri, rangi ya kupendeza. Nikamwekea kipande kikubwa mlangoni mwake. Kitinda mimba akala kipande, akala na chetu, akatapika kwenye zulia. Madoa ya mafuta. Ilinibidi nisikilize tena ule ujumbe wa Mama Pacha, kwa sauti ya chini kabisa.

Mpango wa pili: ugonjwa. Hakuna mtoto anayemnunia mama mgonjwa. Alasiri nikajilaza sakafuni sebuleni, khanga usoni, nikaanza kugumia. Binti akatoka chumbani. Akasimama. Nikagumia zaidi. Nikasikia ananiruka, mlango unafunguliwa, na muda si mrefu nani kainama juu yangu? Mama Pacha! Na kipimajoto, na kitambaa cha maji, na chupa ya dawa nyeusi chungu ajabu. Ningesema nini? Nikainywa. Vijiko viwili. Akaniambia kwa huruma kwamba nimechoka, nilale. Kisha akaondoka na binti yangu, kila mmoja kambeba pacha wake.

Ukuta wetu ni mwembamba. Nimelala na uchungu mdomoni nikimsikia binti yangu anacheka upande wa pili.

Jumapili, 9 Juni

Baba Watoto ni fundi wa majokofu. Ni mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo ni kuhusu gesi. Leo kafika, kaweka mkoba wa vifaa, hakuvua viatu. Akasema mteja mmoja alimwita kutengeneza friji, akamsikilizisha kitu cha kuchekesha kwenye simu wakati anasubiri. Alimsikiliza mke wake akimwigiza mtoto wake. Mteja anacheka, yeye ameshika bisibisi.

Nikamweleza kwamba ushauri ule umesaidia familia nyingi. Akaniangalia vile anavyoiangalia mashine ambayo hata kuifungua haina haja.

"Umemwomba radhi?"

Nikamwambia mzazi akimwomba mtoto radhi hadhi inashuka, nina somo zima kuhusu jambo hilo. Akasema hilo somo nilifunge. Akaenda kukaa kibarazani na viatu vyake. Alipokuwa anapita nikaona macho mekundu. Vumbi la kazini, nadhani. Maji ya chumvi ya uvuguvugu husaidia, lakini hakutaka.

Jumanne, 11 Juni

Sawa. Nitaomba radhi. Nimelifikiria tangu juzi, na kadiri ninavyofikiri naona ni jambo zuri mno kulifanyia uchoyo. Akina mama wangapi hawajui namna ya kumwomba mtoto radhi? Wakisikia mfano halisi, watapona wengi. Na mwenyekiti kauliza mara mbili Mama Makini kapotelea wapi.

Nikaiweka simu nyuma ya kikapu cha nguo za kupiga pasi, ikirekodi. Alipotoka shule nikamwomba akae. Akakaa ukingoni mwa kiti. Nikaanza. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini nilipomtazama, kucha kazitafuna mpaka nyama, maneno yakanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba nimekosa. Kwamba aliniamini nami nikamuuza kwa vimoyo. Sijui yalitoka wapi maneno yale. Machozi yakanitoka, ya kweli, siyo ya somo.

Akainua uso. Mara ya kwanza tangu Jumatano! Akasema, "Mama, shuleni mimi…"

Simu ikaita. Mwenyekiti! Mlio wangu ni wa tarumbeta, niliuchagua mwenyewe ili nisikie hata nikiwa nafua.

Binti akasogeza kikapu. Akaitazama. Tarumbeta zikanyamaza, na pale kwenye kioo kile kidoa chekundu cha kurekodi bado kinapepesa. Hakupiga kelele. Hakuitupa. Akakizima kwa kidole, akaniwekea simu mkononi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Hata hii, mama?"

Akaingia chumbani. Safari hii hakufunga mlango kwa ufunguo. Sikuwa na neno la kuingia nalo.

Alhamisi, 13 Juni

Wifi yangu kaja. Dada mkubwa wa Baba Watoto, mwenye duka la misumari na mabati mji wa pili, mwanamke anayeketi kama amekuja kupima kiwanja. Kumbe binti alimpigia kwa simu ya Mama Pacha! Kwangu mimi neno hakuna, kwa shangazi yake kaongea mpaka salio la watu likaisha.

Wifi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Kasema tu kwamba mtoto haingii tena shule ile, kwamba chumba kipo kwake, na shule ipo karibu. Nikamgeukia Baba Watoto aseme kitu. Akasema, "Mwache aende apumue." Nikauliza mpaka lini. Wakatazamana ndugu wawili.

Wanaondoka Jumamosi asubuhi.

Nina mpango. Mtu hasafiri bila nguo. Kesho nafua kila kitu chake: magauni, sare, masweta, mpaka soksi na mkoba wenyewe. Sitakamua. Kwa baridi hii na mawingu haya, havikauki kabla ya Jumanne. Na ndani ya siku hizo mtoto atakuwa amelainika. Wanasema mama wa nyumbani hana silaha! Nina mabeseni matano.

Jumamosi, 15 Juni

Kaenda na nguo mbichi.

Aliamka mapema, akazianua zote kwenye kamba zikichuruzika, akazikunja. Alizikunja kama ninavyokunja mimi, mikono ndani, kola juu. Sikujua kwamba alikuwa ananiangalia. Akazitia kwenye mifuko ya plastiki. Wifi akaangalia ile mifuko, akaniangalia mimi, akachukua mmoja, akatangulia kushuka ngazi.

Binti akamkumbatia mdogo wake muda mrefu. Baba yake akambeba juujuu kama mtoto mdogo, miguu ikiburuzika. Mama Pacha akampa kitu ndani ya karatasi. Kisha binti akaja kwangu, akanipa mkono.

"Baki salama, mama."

Adabu tupu. Vile anavyomuaga mama wa rafiki yake. Nilitaka kumwambia sweta la bluu lisikae kwenye mfuko, litanuka. Nikamwambia hilo. Akaitikia, ndiyo mama. Hayo ndiyo niliyomwambia mwanangu akiondoka. Sweta.

Ngazi zote zilikuwa na michirizi ya maji mpaka barabarani. Nimekaa nikiitazama. Kufika mchana ilikuwa imekauka.

Baba Watoto kaenda kazini ingawa si siku yake. Kitinda mimba anauliza dada atarudi kula saa ngapi. Nimetandua kitanda cha binti nikatandika tena mashuka yaleyale, maana sikutaka kuyafua.

Nimefungua simu nijitoe kwenye kundi. Nimebonyeza. Ikaniuliza kama nina hakika. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, simu ikajizima yenyewe.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi nimemkuta kitinda mimba amejibana nyuma ya mlango wa chumba cha dada yake, kakumbatia shuka lililolowa. Tangu Jumamosi ananyapia kulala kwenye kitanda kile, na kila akilala humo anakojoa. Alikuwa hajakojoa kitandani tangu aache nepi. Alikuwa anajaribu kulikausha kwa kulipuliza.

Sikumkaripia. Nikalichukua shuka, nikamwogesha, nikamfunga taulo. Anatetemeka. Akanishika shingo akaniambia sikioni kwamba akilala kwake anamsahau dada uso wake, akilala pale anaukumbuka. Kisha akaniomba kitu kimoja tu: dada asijue kwamba kamharibia kitanda.

Nikamwahidi. Nikambana mpaka akapata joto, nami nikalia kimyakimya nyuma ya kichwa chake. Nimeahidi kwa moyo wote, na safari hii natimiza. Dada mtu hatajua.

Mama Pacha asubuhi kaeleza sisimizi kwenye kopo la sukari. Vimoyo vya kukata na shoka. Mwenyekiti kaniandikia faragha kwamba kundi limepoa bila mimi, akina mama wanauliza.

Nimefikiri kwa makini. Nilichoahidi ni kwamba dada yake asijue. Dada yake hana simu, hayumo kwenye kundi, na yuko mji wa pili. Watoto wengi wanateseka na jambo hili na mama zao hawajui kwamba chanzo ni majonzi, siyo maji mengi jioni. Kuna godoro la kuokoa pia: unga wa magadi, siki kidogo, jua la mchana.

Kitinda mimba kalala. Anakoroma kidogo puani, sauti nzuri ya kuanzia. Nimeisogeza simu karibu naye.