Siku Mama Mkwe Alipoikalia Rimoti

Sogeeni, enyi wakazi wa Section 58 hapa Nakuru, nanyi wa Bondeni mnaojua kusikiza. Zimeni redio, epueni sufuria motoni, watulizeni watoto, kwa maana nawasimulia vita ambavyo havijapata mfano tangu Bonde la Ufa lilipopasuka, vita vilivyopiganwa Jumapili moja baada ya ibada, tangu saa nane na dakika ishirini hadi saa tisa na nusu, katika nyumba nambari sita, ghorofa ya pili. Mpiganaji ni mimi. Najua si vizuri mtu kujisimulia mwenyewe, lakini wengine waliokuwepo wamejaribu mara kadhaa na hawafiki mwisho kwa sababu ya kicheko.

Jina langu Micah mwana wa Kiprotich, Simba wa Ghorofa ya Pili, Mfungua Mitungi Iliyokaza, Mwuaji wa Mende wa Jikoni kwa kiatu cha kushoto. Ushujaa wangu unajulikana hadi kwenye ngazi. Baada ya ngazi sina hakika.

Na aliyeketi kwenye kochi langu siku hiyo alikuwa mama mkwe. Jina lake silitaji, maana marehemu baba alinifunza kwamba mama aliyekuzalia mke hatajwi jina, hashikwi mkono, wala hukai naye kiti kimoja. Ukitaka kumpa kitu unakiweka mezani, naye anakichukua mwenyewe. Sheria hiyo nimeishika miaka tisa bila doa. Alikuwa ameshuka kutoka Kuresoi, nchi ya baridi na viazi, kuja kuondolewa mtoto wa jicho, na bandeji ilikuwa imetolewa jana yake. Kwa miaka minne alikuwa akiona watu kama vivuli ukutani. Sasa alikaa wima kama hakimu, akiliangalia kila kitu: kalenda, pazia, soksi yangu yenye tundu.

Begi lake lilikuwa kando ya mguu wake, halijafunguliwa. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa mambo. Alikuwa bado hajaamua kama atakaa kwetu hadi Alhamisi arudi kwa daktari, au ataenda Njoro kwa mwanawe Kiprugut. Zeddy, mke wangu, Mwenye Macho Yasiyodanganyika, alinivuta jikoni asubuhi akaninong'onezea.

"Micah, tafadhali, leo usifanye kituko. Mum akiona kitu moja tu ya ajabu hapa, anabeba hiyo bag anaenda kwa Kiprugut. Na kwa Kiprugut nani atamwekea dawa ya macho? Huyo hushinda shamba mchana yote. Hilo jicho likiharibika sitakusamehe."

Nami nikaapa, mkono kifuani, kwamba nyumba yangu itakuwa hekalu la heshima. Kiapo hicho nilikivunja bila kujua, kwa kuwa nilikuwa tayari na filamu mfukoni.

Filamu yenyewe niliitoa Bondeni kwa Kiarie, mwenye kijiduka cha kuweka sinema kwenye flashi. Nilimwambia wazi kwamba nina mama mkwe nyumbani na nataka kitu cha heshima. Kiarie hakusita hata kidogo.

"Boss, chukua hii. Hii ni ya familia kabisa. Bwana yuko, bibi yuko, wote wako ndani."

Ni kweli walikuwemo. Tena alikuwemo na wa tatu. Ilikuwa filamu ya ng'ambo iliyotiwa maneno na DJ, yule fundi asiyeonekana anayesema juu ya waigizaji wote peke yake, mwanamume kwa mwanamke, akiongeza na ushauri wake. Meneja mmoja mwenye mke mzuri anaanza kutoka kisirisiri na karani wake. Mtu wa kofia nyeusi anawapiga picha. Kisha bahasha zinafika ofisini, moja baada ya nyingine, zikisema atimize anayoambiwa, la sivyo mkewe atayaona yote. Ni nani huyo wa kofia? Hata mimi shujaa nilisahau kutafuna. Mama mkwe alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kochi.

Ndipo filamu ikarudi nyuma kuonyesha siku picha zilipopigwa, na DJ akapaza sauti ya maangamizi:

"Sasa Meneja anaingia hoteli, na hajaingia kula chapati! Kama umekaa na mathe hapo, shika rimoti saa hii, usiseme sikukuambia!"

Ee vidole vyangu, mlikuwa wapi? Niligusa meza: hamna. Nikatazama chini ya gazeti: hamna. Kisha nikaiona ncha yake, nyeusi, imetokeza kidogo chini ya paja la mama mkwe, imefunikwa na shuka lake la Kuresoi. Mkono wangu usingeweza kwenda huko hata kama nyumba ingewaka moto.

Nikasimama, nikajikohoza, nikatoa hotuba.

"Mama yetu, uliyevuka baridi na matope ili kutujia, tunakushukuru. Lakini macho hayo ni mapya, na kitu kipya hakitumiwi sana siku ya kwanza. Je, tusiyapumzishe kidogo tukinywa chai?"

Hakugeuza shingo, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Macho yamepumzika miaka minne, Baba Chepngeno. Yametosha."

Nikakimbilia kitufe kilicho chini ya runinga, nikakumbuka kwamba kilikufa mwaka juzi nilipojaribu kukitengeneza mwenyewe. Plagi nayo ilikuwa nyuma ya kochi, nyuma ya mgongo ule ule mtukufu. Nikarudi nyuma kwa mpangilio hadi jikoni, kuomba jeshi la msaada.

"Zeddy, mamako amekalia rimoti."

"Si umwambie ainuke."

"Mimi? Nimwambie mama mkwe ainuke? Na hawa watu wako kwa korido ya hoteli wakitafuta chumba!"

Zeddy aliacha kukata vitunguu. Alitega sikio, akamsikia DJ, akaelewa. "Micah, hiyo ni movie gani umeletea mamangu?"

"Kiarie alisema ni ya familia."

"Skiza. Uko na dakika mbili. Ukishindwa, namwambia ni wewe ulichagua. Namwambia pia zile viazi alituletea Disemba zilioza sababu ulizisahau kwa gari wiki mbili." Kisha akarudia vitunguu vyake.

Basi hivyo ndivyo nilivyojikuta nikitishiwa kutobolewa siri jikoni, naye Meneja akitishiwa yake sebuleni, tofauti ikiwa kwamba yeye angalau alikuwa na gari zuri. Nikatoka nje kwa hatua za paka, nikashuka ngazi hadi penye sanduku la mita. Mlango wake ulilia kama fisi. Ndani zilikuwemo swichi sita, zote nyeusi, zote bila jina. Niliomba Mungu wa babu zangu aniongoze kidole, nikapiga ya nne.

Alikuwa akiniongoza kwingine. Kutoka nyumba ya pili akatoka Nabalayo, kiongozi wa kina mama wa kwaya, mrefu, mpana wa mabega, pasi mkononi na waya wake ukiburuta.

"Nani amezima stima yangu? Niko na sare kumi na nne za kupiga pasi, na tunaimba saa kumi! Micah! Ni wewe? Mtu mzima, mwenye bibi, mwenye mtoto, unachezea swichi ya wenyewe Jumapili?"

"Ewe Nabalayo, sauti ya pili isiyotikisika," nikamwambia, "nisamehe. Natetea heshima ya nyumba yangu."

"Itetee kwa swichi yako! Yako ni ya tatu!"

Nikairudisha yake, nikapiga ya tatu. Juu, sauti ya DJ ilikatika katikati ya neno. Ee utamu wa kimya kile! Nilipanda ngazi nikiwa nimeinua kidevu, nikaingia, nikatangaza kwa huzuni ya kuigiza:

"Pole, mama. Stima imepotea. Nakuru nzima, nafikiri."

Mama mkwe alinitazama kwa lile jicho jipya. Dirisha lilikuwa wazi, na redio ya Nabalayo ilikuwa ikiimba nyimbo za Injili kwa sauti ya kutosha mtaa wote. Kana kwamba hiyo haikutosha, Nabalayo mwenyewe akafika mlangoni na pasi yake.

"Micah, mbona umeizima yako na hujaiwasha tena? Ama umesahau nimekwambia ya tatu?" Akamwona mgeni, akainama kidogo. "Shikamoo mama. Huyu wenu ako sawa kweli?"

Zeddy alitoka jikoni akasimama. Mama mkwe akainama, akashika begi lake. Jamani, nisiwafiche: niliona aibu. Nilimwona Zeddy akilitazama jicho la mamake, lile jekundu linalohitaji dawa mara nne kwa siku, na nikajua nimelipoteza.

Lakini begi alilisogeza tu, apate nafasi ya kuinuka. Akaingiza mkono chini ya shuka, akatoa rimoti, akaiweka mezani, kama sheria inavyotaka.

"Baba Chepngeno, kaa chini. Hii sinema nimeisikiza kwa Kiprugut mara tatu. Kuisikiza tu, maana nilikuwa sioni. Kila wakifika kwa hoteli, Kiprugut anashika rimoti anapeleka mbele. Anapeleka mbele sana, tunapita hadi mwisho. Mimi nabaki nikiuliza, huyu wa kofia ni nani? Wananiambia, ni bibi ya Meneja, mama, imeisha, twende tukalale. Kusikia nimesikia. Leo nataka kuona. Ndio nikaikalia."

Nabalayo aliketi, pasi mapajani, bila kukaribishwa.

Nikashuka, nikaiwasha ya tatu. Na kwa kuwa flashi ikizimwa huanza upya kutoka mwanzo, ilinibidi mimi, mlinzi wa heshima, niichukue rimoti pale mezani na kuitafuta ile hoteli kwa kidole changu mwenyewe, mbele ya mama mkwe. Nikapita. "Rudi nyuma," akasema. Nikarudi. "Hapo. Acha hapo." Nikayakaza macho kwenye kalenda, nikichungulia kwa pembeni.

Meneja na karani walifika kwenye chumba. Mlango ukafunguka, wakaingia, mlango ukafungwa. Kamera ikabaki na mlango. Mwisho. Mengine yote yalikuwa ya DJ na mdomo wake. Nilikuwa nimepigana na mlango uliofungwa.

Tukaangalia hadi mwisho. Mtu wa kofia akasimama mbele ya Meneja, akaivua, nywele za mkewe zikaanguka mabegani, na DJ akacheka kwa sauti kubwa: "Umeshikwa, baba! Bibi ndiye FBI!"

Mama mkwe alisogeza uso karibu na runinga.

"Kumbe analia," akasema. "Mara tatu nimesikia huyu DJ akicheka, na mama wa watu amesimama hapo analia. Hawakuniambia."

Zeddy akaja akaketi karibu naye, akamshika mkono. Nami nikarudi kutazama kalenda, lakini kwa sababu nyingine.

"Zeddy, peleka hiyo bag ndani," mama mkwe akasema baadaye. "Na uniwekee dawa, saa imefika. Nitakaa hapa. Hapa kuna mtu wa rimoti."

Basi iandikwe, enyi watu wa Nakuru, na isomwe kwa vizazi, kwamba siku ile Micah mwana wa Kiprotich alibonyeza kitufe, akakibonyeza kwa wakati ufaao, akaacha palipohitaji kuachwa. Mji haujanijengea sanamu. Lakini ukishuka hadi kwenye sanduku la mita, kando ya swichi ya tatu, utaona maandishi makubwa ya wino mwekundu, yaliyoandikwa na Nabalayo Jumatatu asubuhi: HII NDIO YA MICAH. ZINGINE AACHE.