Malalamiko Kuhusu Mume Aliyeanza Kusogea

Ndugu Daktari Mkuu wa Ubongo,

Natumaini u mzima, na kwamba hujaivuruga nyumba nyingine tangu uivuruge yangu.

Mimi ni Gunvor Hallqvist wa Simrishamn, mke wa Torkel, yule fundi boti mstaafu mliyemtoboa fuvu. Mlimpelekea ubongoni vinasaba vipya, vikiwa vimebebwa na kirusi mlichokiondolea makali, ili seli zake zitengeneze tena dopamini. Kwa kuikosa hiyo alikuwa akitetemeka, na kuganda mlangoni kana kwamba amesahau miguu ni ya nani. Nilikubali nikijua ataacha kutetemeka. Hakuna aliyenionya kwamba ataanza kuishi.

Nalalamika hivi:

1. Anatembea. Zamani nilijua alipo: kwenye kiti, dirishani. Sasa nikigeuka yuko juu ya paa, anazibua mfereji wa mvua. Nikigeuka tena yuko kwa jirani, Bibi Solveig, anamzibulia wa kwake.

2. Uso wake umerudi. Ulipokuwa umeganda, nilimsimulia habari za dada yangu nikidhani anasikiliza kwa makini. Kumbe alikuwa amechoka. Siku hizi inaonekana.

3. Ana maoni. Alhamisi nilimpakulia supu ya njegere kama kawaida. Akaweka kijiko chini, akasema kwa upole, "Gunvor, mke wangu, supu hii siipendi. Sijawahi kuipenda." Nimeipika tangu tuoane. Nilijifungia bafuni. Akanifuata mlangoni, akaniomba radhi, kisha akaniomba tukacheze dansi. Huyo ni mtu wa namna gani?

4. Tulicheza. Goti langu limevimba. Mgonjwa ni yeye, lakini anayetembelea mkongojo ni mimi, na kanisani pole napewa mimi.

Hivyo naomba mumtoe nusu ya vinasaba hivyo. Ikishindikana, vizimwe siku za Alhamisi. Hilo nalo likishindikana, niwekeeni na mimi, tutoshane nguvu.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyemnyoa kichwa, na mkeo pia, kama yeye hana la kulalamikia.

Wako katika uchovu,
Gunvor Hallqvist

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Nilipokuwa natoka kwenda posta, Torkel alinifunga vifungo vya koti, vyote, hadi cha shingoni, na vidole vyake havikutikisika. Nililia palepale mlangoni. Tafadhali msiguse hata kinasaba kimoja. Barua naituma tu kwa kuwa stempu nilishaibandika.